Siku Niliyojifanya Mgonjwa Mpakani Mpondwe

Jamani, mnaponiona nikifika Mpondwe najifunga leso mpaka karibu na macho, msidhani ni jua. Ni aibu. Na kwa kuwa wengi wenu mkasa huu mmeusikia kwa watu walioutia chumvi ya ziwa lote la Katwe (kuna wanaosema eti nilikufa nikafufuka, mimi sikufa!), afadhali muusikie kwangu mwenyewe, na mkicheka mcheke polepole, maana bado haujapoa.

Mimi Kabugho mnanijua, nauza vitenge hapa sokoni Kasese, na Mungu alinipa mdomo wa watu wawili. Kila wiki navuka daraja kuingia Kasindi, Kongo, kuchukua mzigo na kurudi, kwa hiyo pale mpakani nilikuwa najiona mwenyeji kabisa, namsalimu huyu, namtania yule. Sasa Mumbere, mtoto wa kaka yangu Baluku, alipopata mchumba kule Lume, upande wa Kongo (milima ni hiihii yetu ya Rwenzori, ila sisi tunaiona mgongo na wao wanaiona tumbo), ukoo ukakaa ukasema shangazi wa bwana harusi ndiye ataongoza msafara wa kupeleka mahari. Na mimi, bila hata kuulizwa, nikaongeza, "Mpakani niachieni mimi. Pale ni kama sebuleni kwangu."

Kaka Baluku analima kahawa huko juu Bwesumbu, ni mzee wa kanisa, na ni mtu asiyejua kabisa kusema uongo. Hata ukimwambia kwamba mtoto wako ni mzuri wakati ni mbaya, yeye anakohoa tu na kuangalia pembeni. Tulilala kwake ili tuondoke wote mapema. Mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha kutangulia siku moja kabla na vijana wa ukoo, tulibaki sisi wa kwenda kuzungumza: kaka, Mumbere ndani ya suti yake, mama wawili wa kanisani, mimi, na shemeji yangu Kule ambaye ndiye aliyekuwa anaendesha ile Noa ya kukodi.

Asubuhi mke wa kaka akaleta chai. Mimi nikauliza kama bundu ya jana, ule ugali wetu wa muhogo, imebaki. Ilikuwa imebaki, na maharage pia.

"Kabugho," kaka akaniambia, "barabara ya kushuka ina kona. Kula kidogo."

Nikamjibu kwamba tumbo langu limezaliwa milimani, nikamega tonge lingine.

Basi ile barabara nyinyi mnaijua, upande huu ukuta wa udongo mwekundu, upande ule migomba ya watu iko chini kama umeitupa shimoni, na Kule naye anakata kona kama anafukuzwa, na mimi nimekaa nyuma kabisa juu ya tairi ndani ya gauni langu jipya la busuti, la hariri lenye mkanda mkubwa, na kabla hatujafika bondeni ile bundu yote ikarudi kuniangalia uso kwa uso. Juu ya mapaja yangu mwenyewe. Mumbere akajibana dirishani kuokoa suti. Tukapita Kasese mjini nimefunikwa kanga kama maiti, na tulipofika Muhokya nikasema simamisha gari, siwezi kwenda kwa wakwe nanuka hivi. Mama mmoja mwenye hoteli akanipa maji na sabuni, nikafua, nikaoga, na (hapa ndipo mtaniona nilivyo mpumbavu) nikamwomba na pasi, kisha nikangoja makaa yashike moto, nikanyoosha busuti yote mpaka ikakauka na mikunjo ikaisha. Kaka alikuwa amesimama kando ya gari anakohoa.

Tulipofika Bwera, karibu na mpaka, jua lilikuwa kali utosini, na Mpondwe ilikuwa siku ya soko. Mstari wa watu ulitoka langoni ukapita vibanda vya nyanya mpaka karibu na pale tulipoacha gari, maana siku hizo ng'ambo kulikuwa na habari za ebola, na kila mtu lazima anawe mikono kwa yale maji ya dawa na kupimwa homa kwa kile kidude wanachokuelekezea usoni kama bastola. Watu wakawa wanasogea kama konokono. Simu yangu ikalia. Alikuwa shangazi wa bibi harusi, tayari yuko upande wa pili wa daraja anatungojea.

"Allo, bakwe, muko wapi? Batu beko banangojea tangu asubuhi. Sombe inapoa!" (Sombe ndiyo kisamvu kwao.)

"Tumefika, mama, tumefika," nikasema, na sijafika.

Mnajua desturi zetu, ukichelewa kwa wakwe unafungiwa mlango, na siku ile uchelewaji wote ulikuwa na jina langu. Nikaangalia mstari. Nikamwangalia kaka. Nikamwangalia kijana yule anayesubiri mke wake, jasho linamtoka shingoni. Na wazo likanijia, dogo tu, tena nikaliona ni la busara sana. Nikamvuta Kule kando.

"Nikianguka, wewe nidake. Sema kuna mgonjwa, watupishe. Tukivuka nitakuwa nimepona."

"Na mzee?" Kule akauliza, akimwonyesha kaka kwa kidevu.

"Asijue. Uso wake hauwezi kushika siri."

Nikaangalia chini kwanza, nikatafuta mahali pasipo na tope (busuti imetoka kwenye pasi sasa hivi), nikashika kichwa, nikasema "ooh" kama ninavyosikia watu wakisema, nikaanguka. Kule akanidaka vizuri kabisa. Akapaza sauti, "Mugonjwa! Mutupishe, kuko mugonjwa hapa!"

Nimefumba macho, nasikia miguu inasogea, nikajisemea moyoni, unaona, watu wa hapa wana huruma. Kisha mtu akauliza kwa mbali, "Ametapika?"

Kule naye akiulizwa kitu hawezi kujibu nusu. "Ametapika tangu Bwesumbu!"

"Kongo anaenda?"

"Kila wiki!"

Halafu nikasikia mtu mmoja anakimbia, halafu wawili, halafu kishindo kama cha ng'ombe wamefunguliwa zizini. Beseni la mtu likapinduka, nyanya zikaanza kupasuka chini ya miguu, mwanamke analia "Nyanya zangu! Nyanya zangu!", na mtu mwingine akalitamka lile jina la ugonjwa kwa sauti kubwa, na mikono ya Kule iliyokuwa imenishika mabegani nikaisikia inaniachia polepole, mpaka kichwa changu kikalala chini.

"Nyinyi! Rudi nyuma!" Hiyo ilikuwa sauti ya askari, ile sauti ya kambini. "Hakuna mutu kugusa! Funga geti! Funga!"

Mkono mmoja ukanishika. Nilikuwa bado nimefumba macho lakini niliujua, una sugu za panga la kahawa.

"Afande, huyu ni dada yangu," kaka akasema.

"Mzee, toka hapo!"

"Sitoki."

"Utakufa, mzee! Toka, nakwambia!"

"Basi nitakufa naye. Mama yetu aliniachia huyu." Tone moja likaniangukia shavuni, la moto, na mimi, jamani, nimelala pale chini nimechagua mahali pa kuangukia, nimefumba macho, na kaka yangu mkubwa analia juu yangu mbele ya soko zima. Sijui kama mmewahi kutamani ugonjwa uje kweli. Mimi nilitamani uje uniokoe.

Nikafumbua macho. Niliyemwona si kaka tu; walikuwa wanakuja watu wamevaa mavazi meupe ya plastiki kutoka kichwani hadi miguuni, macho ndiyo tu yanaonekana. Nikakaa haraka nikasema, "Nimepata nafuu! Asanteni, nimepata nafuu!" (Angalieni nilichosema. Sikusema nimedanganya, nilisema nimepata nafuu.) Mmoja akanielekezea kile kidude. Na mimi nilikuwa nimevaa nini? Busuti, na kitambaa kizito cha ndani, na mkanda, na wigi, chini ya jua la Mpondwe, na moyo unapiga kama ngoma ya kanisani. Kidude kikalia.

Wakatuweka wote kwenye hema, mimi upande wangu nyuma ya kamba, kaka peke yake kwa kuwa alinishika, Kule naye peke yake kwa kuwa alinidaka, Mumbere na wale mama wawili kwenye viti vilivyotengana. Kule alikuwa anaangalia viatu vyake. Mahema yale yanashika joto. Nje nasikia watu wa soko wanafunga vibanda, pikipiki zinaondoka moja baada ya nyingine kupeleka habari Bwera na kwingineko, na habari ile ilikuwa na mbio kuliko Kule, maana baada ya muda mfupi jirani yangu wa sokoni Kasese akanipigia simu.

"Kabugho? Ni wewe mwenyewe unaongea?"

"Ni mimi."

"Wamesema umekufa." Nikamsikia anawaambia wenzake kwamba niko hai. "Basi pole. Nilitaka kuuliza kuhusu kibanda, lakini tutaongea."

Shangazi wa bibi harusi naye akapiga, sauti imebadilika kabisa, hakuna tena maneno ya sombe. "Mama, tumeona banafunga daraja. Banasema ni weye. Pole sana, mama. Tuko tunakuombea." Nikakata simu.

Mtaniuliza, kwa nini hukusema ukweli palepale? Nilijaribu, nusu nusu. Nilimwambia yule wa plastiki kwamba mimi ni mzima kabisa, sina kitu, akanijibu kwa upole, "Mama, wote husema hivyo, usiogope." Lakini kusema lile neno lenyewe, kwamba niliigiza, nisingeweza kulisema bila kaka kulisikia, na kaka alikuwa ng'ambo ya kamba, ameinamisha kichwa, anaomba kwa Lhukonzo, lugha yetu ya nyumbani, na jina langu naliona linapita midomoni mwake kila mara. Nikajiambia watanipima tena, kitanyamaza, tutaachiwa, na hakuna atakayejua. Nikakaa na uongo wangu mle ndani kama mtu aliyekalia kaa la moto na kusema kiti kizuri.

Jioni ilikuwa inakaribia daktari alipofika, mwanamke kijana, naye ndani ya yale mavazi. Akavuta kiti.

"Ulianza kuumwa lini, mama?"

Kaka akanijibia kutoka upande wake, kwa ukweli wake wote: dada alikula vizuri, akatapika njiani, akaoga Muhokya, akaanguka mstarini. Daktari akaandika. Kisha akasema homa sasa imeshuka lakini kwa kutapika, na kuzimia, na kuvuka kila wiki, hawezi kuniachia. Tutapelekwa sote sehemu ya kutengwa mpaka majibu ya damu yatoke.

"Na huyu mzee," akasema, "huyu ndiye ninayemhofia zaidi, kwa sababu alikushika mkono, ngozi kwa ngozi."

Kaka akaitikia kwa kichwa tu. Akasimama, akaanza kufunga vifungo vya koti lake, tayari kwenda. Hakuuliza hata ni siku ngapi.

Hapo nikavunjika. "Daktari, sikuzimia."

"Unasema?"

"Sikuzimia. Nilijiangusha. Mstari ulikuwa mrefu, tumechelewa kwa wakwe, nikajiangusha watupishe. Kutapika ni kweli, lakini ni kona za Bwesumbu na bundu. Muulize Kule."

Kule, bila kuinua macho, akasema, "Ni kweli. Aliniambia nimdake."

Mumbere alikuwa ananiangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza. Kaka sikuthubutu kumwangalia, nilisikia tu kwamba hakohoi. Nyuma ya ile plastiki ya usoni mwa daktari niliona jasho linamtiririka mpaka kidevuni, na yeye hawezi kulipangusa.

"Mama," akasema, hakupandisha sauti hata kidogo, "unajua tangu mchana tumefunga daraja kwa ajili yako? Watumishi wote walikuwa hapa. Kuna mama alikuwa anatoka ng'ambo anakuja hospitali Bwera kujifungua. Akazuiwa. Amezaa pale darajani, wanawake wamemzungushia vitenge."

Nikamuuliza kama yuko hai.

"Wako hai wote wawili, sasa wako wodini Bwera. Bahati yako, na mikono ya wale wanawake."

Hakuniachia kwa maneno yangu tu, na alikuwa na haki, maana kwa nini aniamini? Alinipima, akanipima tena, akaniuliza maswali yale yale kwa njia nyingine, akapiga simu kwa wakubwa wake, na mwishowe tukaambiwa tutoke. Nje lango lilikuwa limefungwa kwa siku ile. Nyanya zilikuwa zimesagwa barabarani, nyekundu kila mahali. Watu waliobaki wakajitenga pande mbili kunipisha, njia pana kabisa, ile niliyokuwa naitaka mchana. Yule askari alikuwa amesimama pale na kifimbo chake.

"Wewe mama," akasema, "ugonjwa yako iko kwa mudomo."

Watu wakacheka. Kaka hakucheka. Tulipofika kwenye gari akaniambia maneno machache tu, kwa sauti yake ya kila siku. "Kesho sisi tutavuka. Wewe urudi Kasese."

Nikasema, "Kaka, nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini urudi Kasese."

Tulilala Bwera kwa watu wa kanisa lake, na asubuhi wakavuka bila mimi, wakapanga mstari kama kila mtu, na kule Lume wakwe wakawapokea, wakawatoza mbuzi mmoja wa kuchelewa, na mambo yakaisha vizuri. Kwenye harusi yenyewe, baadaye, niliitwa, nikapanda mpaka huko juu, na wanawake wa Lume wakanitungia wimbo wenye "shangazi anaanguka" kila baada ya mstari, na watoto wakawa wanajiangusha mbele yangu uwanjani mmoja mmoja. Hayo niliyavumilia. Nilistahili, hata nikacheza kidogo.

Nisiloweza kulivumilia ni lile la asubuhi niliyoachwa Bwera. Kabla ya kutafuta gari la kurudi nilinunua sukari na sabuni, nikaenda hospitali, nikauliza wodi ya wazazi, nikauliza tena yuko wapi yule mama wa darajani. Alikuwa binti mdogo hivi, kapauka, amekaa kitandani na mkwewe pembeni, na mtoto kafunikwa kitenge cha kijani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaweka vile vitu, nikamsalimu, nikasema mimi ni yule mtu wa jana, ambaye walifunga daraja kwa ajili yake.

Hakuniacha niendelee. Akashika mkono wangu, na mkwewe naye akasimama.

"Njo weye ule mama mugonjwa?" akasema. "Eee, Mungu wangu! Banasema ulikufa! Na unatembea?"

"Natembea," nikasema.

"Miye pale darajani uchungu inanikamata, nauliza juu ya nini batu bamefunga, banasema kuko mama moja anakufa kule ng'ambo. Nikasema basi, Mungu, kama ni ule mama anakufa, umusaidie yeye mbele, miye nitangojea kidogo." Akamwangalia mtoto, akanitazama tena, na alikuwa anafurahi, jamani, anafurahi kweli kuniona mzima. "Na aliitika. Ona, aliitika!"

Yale maneno yote niliyoyapanga yalikuwa pale kooni. Nilifungua mdomo, huu mdomo mnaoujua, wa watu wawili, na kitu pekee kilichotoka ni, "Aliitika, mama. Asante."

Akaniwekea mtoto mikononi ili nimbariki. Nikambariki. Nikaondoka.

Kaka alinisamehe, daktari nilimwambia ukweli, soko zima linajua. Yule binti peke yake ndiye hajui, au labda sasa amekwisha kusikia, na sijui ni lipi baya zaidi. Sijarudi kumwambia, na kila wiki nikivuka namtafuta kwa macho huku naomba nisimwone.

Mimi siku hizi napanga mstari. Jua liwe kali, mvua inyeshe, wanaonijua wanite mbele, napanga na kusogea na wenzangu. Na mtu akinipita akisema ana mgonjwa, nampisha bila kuuliza ni mgonjwa gani, hata nikimwona mgonjwa mwenyewe anatembea vizuri kuliko mimi, kwa sababu haki ya kumuuliza mtu swali hilo niliiacha pale chini, kwenye zile nyanya.